Picha za mvuke wa maji kutoka setelaiti: maswali yanayoulizwa sana huku Mtwara na Lindi

Kila nikimwonyesha mtu hizi picha za kijivu zenye mikunjomikunjo kama moshi wa ubani maswali yanakuja yaleyale, awe mvuvi wa Mikindani, mkulima wa ufuta wa Mchinga au mwanafunzi anayesoma jografia. Nimeyakusanya hapa na nimeyajibu vile ninavyojibu tukikaa barazani. Kuna sehemu nimeandika ndefu kwa sababu hapo ndo watu wengi wanapotea, na huku kwetu kupotea kwenye mambo ya hewa kunagharimu, unaweza kuanika ufuta siku mbaya au kuingia baharini siku mbaya zaidi.

Hii picha ya mvuke wa maji ni kitu gani hasa?

Ni picha ya joto, sio picha kama ya kamera ya simu. Kwanza tuelewane kuhusu mvuke wenyewe. Ukichungulia mdomo wa birika linalochemka utaona moshi mweupe unatoka, lakini ule sio mvuke, ule ni matone madogo ya maji tayari. Sasa angalia pale mdomoni kabisa kabla moshi haujaanza, kuna kinafasi kidogo kinaonekana kama hakuna kitu, pale ndo pana mvuke. Hauna rangi, jicho halikamati. Angani umejaa kila mahali na hatuuoni.

Ila mvuke una tabia moja nzuri, unanyonya na kutoa joto la aina fulani, la mawimbi ya urefu wa kama mikromita 6 hadi 7, ambalo macho yetu hayalioni kabisa (macho yanaishia kwenye 0.7 hivi). Setelaiti imewekewa kihisio cha joto hilo tu, kwahiyo inachokipokea ni joto linalotoka kwenye mvuke na mawingu ya juu. Likija joto la baridi sana wanalichora jeupe, likija la uvuguvugu wanalichora jeusi. Basi, hiyo ndo picha.

Kwahiyo nyeupe ni mvua na nyeusi ni jua?

Hapana! Na hili ndo kosa namba moja.

Nyeupe maana yake juu kule, kilomita 8, 10, 12, kuna unyevu mwingi au mawingu. Nyeusi maana yake juu kule ni kukavu, kwahiyo joto linaloifikia setelaiti limetoka chini zaidi ambako kuna uvuguvugu kidogo. Nimesema uvuguvugu lakini usije ukadhani ni joto la huku kwetu, hata ile sehemu nyeusi tii kwenye chaneli ya juu (chaneli za mvuke ziko mbili, nitazieleza mbele) inasoma kama nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani baridi kuliko friza la samaki pale feri. Vilele vya mawingu makubwa ya radi vinafika nyuzi 70 mpaka 80 chini ya sifuri. Sasa jiulize, kama kitu cha moto kuliko vyote kwenye picha ni baridi kuliko friza, hiyo picha inaiona Mtwara mjini kweli? Haituoni. Iko juu ghorofani, sisi tuko chini uwanjani.

Mbona picha ilikuwa nyeusi kabisa halafu asubuhi kumenyesha?

Swali hili naulizwa kila mwaka kuanzia Juni mpaka Agosti, na nalipenda kwa sababu ukilielewa hili umeshaelewa nusu ya kazi.

Kipindi cha kusi upepo unatoka baharini kusini mashariki, umepita maji mengi, umebeba unyevu, lakini unyevu huo uko chini tu, kilomita 2 hivi mpaka 3 kwenda juu kutoka usawa wa bahari. Juu yake kuna hewa inayoshuka kutoka kwenye ule mgandamizo mkubwa wa Maskarini uliokaa kule kusini mashariki ya Madagaska, na hewa ikishuka inabanwa, ikibanwa inapata joto, ikipata joto inakauka. Inakuwa kama mfuniko wa sufuria. Mawingu ya chini yanapanda, yanagota kwenye mfuniko, hayaendi popote. Ila wingu la kilomita 2 au 3 linatosha kabisa kuleta manyunyu, hasa alfajiri, hasa ukanda wa pwani wenyewe, na kwa kuwa liko chini ya ile hewa kavu chaneli ya juu wala haina habari nalo. Kwenye picha ni weusi mtupu mpaka Komoro na huku bati linalia.

Nakumbuka mwaka mmoja ndugu yangu wa Mchinga alikuwa amekata ufuta, amefunga mafungu, ameyasimamisha yakauke, mengine ameshayalaza kwenye turubai ayapige siku ya pili yake. Nilikuwa na picha mkononi nikamwambia mjomba lala usingizi, juu kote kukavu. Alfajiri yakapita manyunyu ya dakika ishirini. Ufuta uliokuwa umeshafunguka ukilowa unapukutika na kubadilika rangi, akapoteza sehemu ya mzigo. Hakunilaumu lakini mimi niliumia, na tangu siku hiyo simjibu mtu kuhusu manyunyu ya kusi kwa picha ya mvuke peke yake. Kwa mawingu ya chini fungua picha ya kawaida ya mchana, ile inayoonekana kama kamera, au infraredi ya mawingu, halafu toka nje utazame upande wa bahari.

Na kinyume chake? Picha nyeupe mtwara yote na jua linawaka

Hiyo inatokea sana Januari na Februari. Mawingu makubwa ya radi yanainuka sehemu, tuseme Msumbiji au mfereji wa Msumbiji au magharibi kuelekea Kongo, yakifika juu kabisa yanashindwa kuendelea yanatandaa kama chapati, upepo wa juu unayakokota mamia ya kilomita. Yakifika kwetu ni utando mwembamba wa barafu, ukitazama juu unaona kama pamba iliyochambuliwa, jua linapita vizuri tu. Kwenye picha ya mvuke ni weupe uliokolea kwa sababu ni baridi na ni juu. Hakuna tone.

Namna ya kutofautisha: weupe wa mvua kubwa una uvimbe, kingo zake ni kali kama umekatwa kwa kisu upande unaotokea upepo, unakua picha hadi picha. Weupe wa utando tu ni laini, una nyuzinyuzi, unafifia kadri unavyosogea.

Februari mtu unatoka jasho usiku kucha, hewa nzito, ila picha inasema kukavu. Nani mwongo?

Wote wakweli. Sehemu kubwa ya mvuke wote ulioko angani iko kwenye kilomita 3 za chini, ndo huo unaokugandisha shati mgongoni pale stendi. Picha hii inapima ule mchache wa juu. Kwahiyo usiitumie kuulizia fukuto.

Basi kama haioni chini, ina faida gani?

Kwa sababu hewa ya juu ndo inayoamua kama mawingu ya chini yataruhusiwa kukua. Ukiona weusi mpana umetulia juu yetu Desemba, hata kama chini kuna joto na unyevu, mawingu yatainuka mchana yatafika katikati yatakauka, utasikia watu wanasema mvua imetishia ikaondoka. Ukiona ule weusi unageuka kijivu, kijivu kinaanza kuwa cheupe siku hadi siku, mfuniko unafunguliwa. Hapo mchana wa joto mmoja tu unatosha kuleta radi Masasi na Newala.

Halafu hii picha inaonyesha upepo wa juu pale ambapo hakuna wingu hata moja. Mvuke unachukuliwa na upepo kama moshi, kwahiyo ukiziunganisha picha unaona mito ya hewa inatiririka. Wataalamu wanafuata vile vinundu vya mvuke kwa kompyuta wanapata kasi na uelekeo wa upepo, wanavilisha kwenye mifumo ya utabiri, na kwa bahari kama yetu ambayo haina vituo vya kupima katikati ya maji hiyo ni msaada mkubwa mno.

Setelaiti yenyewe iko wapi?

Iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, inazunguka sambamba na dunia kwahiyo inaonekana imesimama palepale masaa yote. Hizi tunazozitumia sisi zaidi ni Meteosat, za shirika la Ulaya linaitwa EUMETSAT. Meteosat-1 iliyorushwa Novemba 1977 ndo ilikuwa ya kwanza ya aina hii ya kusimama sehemu moja kubeba chaneli ya mvuke wa maji, kabla ya hapo setelaiti za namna hiyo zilikuwa zinaona mawingu tu.

Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi mwaka 2022 walisogeza Meteosat-9 ikakaa nyuzi 45.5 mashariki. Mtwara iko kama nyuzi 40 mashariki na nyuzi 10 kusini. Chini ya setelaiti hiyo hasa ni baharini kusini ya Mogadishu, yaani sisi tuko karibu uvunguni mwake, inatutazama vizuri kuliko inavyowatazama Ulaya. Kuna mpya zaidi, Meteosat-12, imerushwa Desemba 2022, lakini ile imekaa nyuzi 0 juu ya Ghuba ya Gini, sisi inatuona kwa pembeni kidogo na wingu refu linaonekana limesogea kutoka pale lilipo kweli. Kama una uchaguzi, kwa Mtwara na Lindi chukua ile ya Bahari ya Hindi.

Inapiga picha kila baada ya muda gani?

Meteosat-9 kila dakika 15, picha 96 kwa siku. Usiku na mchana sawasawa, maana inapokea joto, haihitaji jua.

Nukta moja ya picha ni kubwa kiasi gani?

Kilomita 3 kwa 3 pale inapoona vizuri kabisa. Ghuba ya Mikindani yote ni nukta chache tu. Kwahiyo mtu akikuonyesha picha amevuta mpaka anadai anaona wingu juu ya mtaa wa Chikongola, mwambie taratibu aache.

Saa iliyoandikwa kwenye picha mbona haiendani na yetu?

Imeandikwa kwa UTC, saa za dunia, na sisi tuko mbele kwa masaa 3. Ila kuna njia rahisi kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: chukua saa ya UTC toa 3, umepata. Picha ya 12:00 UTC, toa 3, ni saa 9 alasiri. Picha ya 06:00, ni saa 3 asubuhi. Ya 18:00 toa 3 inabaki 15, ondoa 12, ni saa 3 usiku. Ya 03:00 inabaki sifuri, ndo saa 12 asubuhi. Kuna watu wameogopa mvua ya jana kwa sababu ya hili tu, kwahiyo kabla hujatazama weupe na weusi soma kwanza tarehe na saa.

6.2 na 7.3 ni nini? Naziona zimeandikwa zote mbili

Ni chaneli mbili za mvuke, namba ni urefu wa mawimbi kwa mikromita. 6.2 inaona juu, kawaida kilomita 8 mpaka 9. 7.3 inachungulia chini zaidi, kilomita 5 hivi, na hewa ikiwa kavu sana inashuka hata chini ya hapo. Mimi nazifungua zote sambamba. Zikiwa nyeupe zote mbili unyevu umejaza safu ndefu, hapo kaa macho. 6.2 nyeupe na 7.3 ina kijivu tu mara nyingi ni ule utando wa juu nilioueleza. 6.2 nyeusi na 7.3 kijivu, unyevu upo katikati lakini umefunikwa.

Kumbuka tu kwamba ule urefu haujafungwa kwa misumari. Hewa ya juu ikikauka jicho la setelaiti linazama chini zaidi, ikilowa linaishia juu. Ni kama kutazama kwenye maji ya bahari pale Shangani, siku yametulia unaona mpaka mchanga, siku yamechafuka huoni hata magoti yako.

Ya kwangu ina rangi, kuna machungwa na bluu na kijani. Nifuate ipi?

Rangi ni mapambo yanayowekwa baadaye na kila tovuti ina zake. Wengi wanaweka machungwa au kahawia kwa kukavu na bluu, nyeupe au kijani kwa unyevu na mawingu baridi, lakini usibahatishe, tazama ule mstari wa vipimo pembeni ya picha. Kuna nyingine inaitwa Airmass, ile ni mchanganyiko wa chaneli za mvuke na zingine, ina nyekundu na zambarau, hiyo ina masharti yake na mtu anayeanza asiisome kama hii. Anza na ya kijivu, haidanganyi kwa urembo.

Nitajuaje hewa inashuka au inapanda?

Picha moja haikuambii, lazima uweke zikimbie, angalau za masaa 6, mimi nachukua za masaa 12. Halafu usifuate kila kitu. Chagua kitu kimoja, tuseme ulimi mmoja mweusi, mfuate macho.

Kama ule weusi unazidi kuiva huku unasogea, hewa pale inashuka kwa nguvu, inajikausha. Kama unafifia, kushuka kumepungua au unyevu unaingia kwa pembeni. Kama katikati ya kijivu kinachipuka kidoti cheupe na dakika 15 baadaye kimekuwa mara mbili, hilo ni wingu la radi limezaliwa mbele ya macho yako. Nchi kavu vidoti hivyo vinachipuka zaidi kuanzia saa 8 mchana mpaka jioni, baharini mara nyingi usiku kuelekea alfajiri, na huwa inapendeza kuona Tandahimba inazima mida ya saa 4 usiku na bahari inaanza kuwaka.

Kitu kingine cha kutafuta ni mpaka mkali kati ya nyeusi na nyeupe, umenyooka au umepinda kama upinde. Kule kusini, maeneo ya Afrika Kusini, mpaka wa namna hiyo kwa kawaida unafuata mkondo wa upepo mkali wa juu, wanauita jeti strimu. Ule weusi ulioko upande wa baridi wa mkondo unaweza kuwa hewa iliyotoka stratosfia kabisa (lile tabaka la hewa la juu ya mawingu), kavu mno. Sisi hayo hayatufikii moja kwa moja, lakini ukiona mkunjo mkubwa unapita kule chini na nyuma yake weusi mpana unapanda kuelekea mfereji wa Msumbiji, kusi inaweza kukaza baada ya siku mbili tatu. Sio kila mara. Ila nikiona hivyo namwambia mtu mwenye ngalawa afuatilie utabiri wa upepo kwa makini.

Kimbunga kinaonekanaje kwenye picha hii?

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu watu wanaogopeshana sana na watu wanapuuza sana, yote mawili nimeyaona.

Pwani yetu sio njia kuu ya vimbunga lakini tusijidanganye kwamba havifiki. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, wakati huo hakukuwa na setelaiti hata moja angani, ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa Aprili 1960. Aprili 2019 Kenneth kilipita Komoro na tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Jobo cha Aprili 2021 kilitushika roho kikadhoofika kabla ya kufika. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kiliingia Mafia. Na Desemba 2024 Chido kilipiga Mayotte halafu Cabo Delgado tena.

Kwenye picha ya mvuke unatafuta mambo matatu. La kwanza ni donge jeupe la mviringo lenye mikono inayojikunja. La pili, na hili ndo watu hawalioni, ni zile nyuzi za pembeni. Kimbunga chenye afya kinapumua, hewa inaingia chini ikizunguka kama mshale wa saa (kwetu kusini mwa ikweta), inapanda katikati, inamwagikia nje juu ikipinda kinyume cha saa. Ukiona nyuzi laini zinamwagika pande zote kama manyoya ya kuku aliyejikunyata, mlango wa juu uko wazi, kimbunga kinaweza kukua. Ukiona upande mmoja umekatwa na mawingu yote yamesukumiwa upande wa pili, upepo wa juu unakisukuma, kinateseka.

La tatu ni ulimi mweusi. Hewa kavu ikianza kuingia kutoka pembeni na kujikunja kuelekea katikati, kimbunga kimemeza kitu kisichokifaa, mawingu yake yanakauka kutoka ndani. Kenneth usiku wake mimi sikulala, nilikuwa na simu na chaja na nikisubiri kila picha ipande, na nilichokuwa natafuta ni huo ulimi tu, niliutafuta upande wa Tanzania wote, upande wa Madagaska, sikuuona wa maana. Kulipokucha bado kilikuwa kizima na siku ileile kikatua kwa wenzetu, watu wa Cabo Delgado ambao wengine ni ndugu zetu wa damu, Wamakonde wa upande ule. Siwezi kuisahau ile asubuhi.

Lakini tena sikiliza. Kimbunga kuharibika sura kwenye picha sio mwisho wa hatari. Hidaya kilipogusa nchi kavu kilishuka nguvu, picha ikawa haina tena umbo, lakini mvua yake ilikuwa imeshafanya kazi, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakaa siku na siku. Mafuriko hayasomi umbo la wingu.

Mtu akinitumia picha ya donge jeupe anasema kimbunga kinakuja Mtwara nifanyeje?

Soma tarehe na saa. Angalia kama donge linazunguka kweli au ni kundi la radi tu, maana makundi ya radi ya usiku mmoja baharini yapo mengi kuanzia Desemba na asubuhi yanakuwa yameisha. Halafu fungua taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Kituo chenye jukumu la kufuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kiko Réunion, na TMA wanaipata taarifa yake na kututafsiria. Kama wote hao hawajasema, usisambaze. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alibeba wajukuu usiku akawahamishia bara kwa picha ya miaka miwili nyuma.

Mimi mvuvi, nikiona nyeusi niingie baharini?

Kaka, hapana, na hili naomba lifike Msimbati, Kilwa Masoko, kote. Picha ya mvuke haionyeshi upepo unaovuma huku chini usoni pa maji wala mawimbi. Kusi inayovunja milingoti inavuma chini ya anga jeusi la picha hii, jua kali, hakuna wingu la maana, na bahari imechafuka vibaya. Weusi na usalama ni vitu viwili mbalimbali. Kwa kuingia baharini tumia utabiri wa bahari wa TMA wenye kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, halafu macho ya wazee wa pwani.

Inakusaidia kitu kimoja tu: wakati wa kaskazi, usiku wa utulivu, kuona kama kuna kundi la radi linachipuka na linaelekea wapi, maana radi baharini inakuja na upepo wa ghafla kabla ya mvua yenyewe.

Na kwa korosho?

Wakati wa kupiga salfa, ile dawa ya mikorosho, Juni mpaka Agosti huko, shida yako ni upepo, umande, ukungu na manyunyu, vyote viko chini, picha hii haikusaidii sana. Wakati wa kuokota na kuanika, Oktoba mpaka Desemba, inasaidia vizuri. Hapo tunangoja ukanda wa mvua ushuke kutoka kaskazini. Angalia upande wa magharibi na kaskazini magharibi: weupe ukianza kutuma mikono kutoka Kongo kupitia Ruvuma kuja kwetu, na ule weusi wa juu ya bahari ukarudi nyuma siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, anza kuingiza mzigo ndani. Korosho iliyolowa ukiipeleka AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, inashushwa daraja, na kazi ya mwaka mzima inapotelea kwenye uanikaji wa siku mbili. Ila uamuzi wa kuanika leo au kesho ufanye na utabiri wa siku wa TMA, picha ikupe tu mwelekeo wa wiki.

Kwanini nihangaike, si TMA wanatosha?

Kwa uamuzi wanatosha. Wana rada hapa Mtwara, na rada inaona matone ya mvua yenyewe, kitu ambacho picha hii haiwezi. Wana vipimo vya chini na mifumo ya kompyuta. Mimi nasoma picha ili nikisikia utabiri wao nielewe kwanini, na nikielewa kwanini nauamini na kuufuata. Mtu asiyejua kwanini akikosewa mara moja anaacha kusikiliza.

Napata wapi bure, na bando linakwenda sana?

EUMETSAT wana ukurasa unaitwa EUMETView, bure, unachagua tabaka la mvuke la Bahari ya Hindi. Picha moja ni nyepesi. Zikikimbia za masaa 12 ndo zinakula, weka hatua ya saa moja badala ya dakika 15, utaona harakati vizuri tu.

Nianze vipi kujizoeza?

Chukua daftari. Kila siku saa 9 alasiri, yaani picha ya 12:00 UTC, fungua 6.2 andika neno moja la juu ya Mtwara: nyeusi, kijivu, nyeupe. Fungua 7.3 andika lake. Halafu toka nje, tazama juu, andika unachokiona, na jioni andika kama imenyesha au haikunyesha. Usiruke siku ambazo picha na anga vimepishana, hizo ziwekee alama kabisa. Anza Oktoba kabla mvua hazijaingia ili uione anga ya kavu ilivyo, uendelee mpaka kusi irudi, ukurasa wa Novemba na ukurasa wa Juni uviweke pamoja.